Ujazo wa Moyo Huamuliwa na Mstari

Hakuna mashine inayopima ujazo wa moyo moja kwa moja. Mashine hutoa picha. Mililita tunazozisoma kwenye ripoti hupatikana baadaye, mtaalamu anapochora mpaka kati ya damu na msuli, kisha kompyuta ikakokotoa. Ninashikilia kwamba uzito wa namba hiyo uko zaidi kwenye mpaka huo kuliko kwenye ubora wa mashine, na kwamba ripoti isiyoeleza mpaka ulichorwaje humwachia daktari namba asiyoweza kuipima.

Inge Edler na Hellmuth Hertz walipoanza kuchunguza moyo kwa mwangwi wa sauti huko Lund, Uswidi, mwaka 1953, walikuwa na mstari mmoja tu wa mwangwi. Waliofuata walichukua kipenyo cha chumba cha chini cha kushoto na kukikokotoa kwa kipeo cha tatu, wakichukulia kuwa chumba kina umbo la yai. Hesabu hiyo hukuza makosa: kipenyo cha sentimita 5.0 kikisomwa 5.5, kosa ni asilimia 10, lakini ujazo unaongezeka kwa asilimia 33. Isitoshe, moyo ambao shambulio limeudhoofisha ukuta ukatuna upande mmoja hauna umbo la yai hata kidogo, na mgonjwa wa namna hiyo ndiye anayehitaji kipimo sahihi zaidi. Ndiyo maana kipimo cha mwangwi (eko) siku hizi huchora mpaka katika picha mbili zilizopigwa kutoka kwenye ncha ya moyo, kisha hugawa chumba kuwa visahani 20 na kujumlisha ujazo wake. Hapo napo, kifaa kikikaa mahali pasipo sahihi kifuani, ncha hukatika, chumba huonekana kifupi na ujazo hupungua.

Kipimo cha MRI, yaani picha za sumaku, huondoa dhana ya umbo. Moyo hupigwa picha kwa vipande kama mkate wa boflo, mara nyingi kila kipande milimita 8 na nafasi ya milimita 2 kati yake. Eneo la kila kipande huzidishwa kwa sentimita 1, na majibu hujumlishwa. Kwa wengi, hiki ndicho kipimo cha rejea. Lakini tazama kipande cha juu kabisa, karibu na vali ya mitrali. Moyo unapojikaza, vali hiyo hushuka kuelekea kwenye ncha kwa takriban sentimita nzima, hivyo kipande kilichokuwa cha chumba cha chini sasa kinaonyesha chumba cha juu. Tuchukue mfano wa chumba chenye mililita 150 kikijaa na 60 kikijikaza: kimesukuma asilimia 60 ya damu. Mchoraji akikosea akakihesabu kipande hicho chenye sentimita 15 za mraba, 60 zinakuwa 75, na asilimia inashuka hadi 50. Kwa mgonjwa anayetibiwa saratani kwa dawa zinazoweza kudhuru moyo, anguko la pointi 10 linaweza kufanya matibabu yasimamishwe, ilhali moyo haujabadilika.

Wapo wanaosema asilimia ya damu inayosukumwa ni uwiano, hivyo makosa hufutana. Hufutana yakiwa ya uwiano uleule moyo ukijaa na ukijikaza. Kosa la kipande cha juu huingia upande mmoja tu. Wengine huelekeza tumaini kwenye programu zinazochora zenyewe. Zina faida kubwa, kwa kuwa hazichoki na hurudia uamuzi uleule kila mara. Hata hivyo zimefunzwa kwa mistari iliyochorwa na watu, na watu hao walishaamua, kwa mfano, kama misuli midogo inayoshikilia vali ihesabiwe pamoja na damu au pamoja na ukuta. Vituo viwili vikiamua tofauti, vitatoa mililita tofauti kwa moyo uleule na vyote vitakuwa sahihi kwa kanuni yake. Kwa hiyo mgonjwa anayefuatiliwa apimwe kwa njia ileile, na picha za awali zifunguliwe kando ya mpya ili mistari yenyewe ilinganishwe kabla ya yeyote kusema moyo umedhoofika.