Heko kwa Wauza Vitabu wa Turubai

Kuuza vitabu katika mji mdogo kama Namanyere, makao makuu ya Wilaya ya Nkasi, si biashara nyepesi. Mtaji hulala, mvua za huko Ufipa hazihurumii karatasi, na wateja wengi huulizia kitabu cha kiada tu. Ndiyo maana anayethubutu kutandaza turubai na kupanga hadithi kando ya vitabu vya elimu anastahili heko.

Turubai zuri huchanganya aina hizo. Shaaban Robert pekee ana pande mbili: Kusadikika, nchi ya kubuni, na wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji aliyeishi kweli. Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya 1971, hukaa jirani na Kuli ya Adam Shafi, riwaya ya makuli wa bandari ya Zanzibar. Nyerere naye yumo, kwa hotuba zake na kwa Juliasi Kaizari, Shakespeare aliyemfasiri kwa Kiswahili.

Muuzaji hodari humuuliza mteja alisoma kitabu gani mara ya mwisho, kisha humpa kisichofanana nacho. Huo ni ualimu usio na mshahara. Ukipita kwake, usiishie kupekua, nunua kimoja.