Dhahabu 10 za Kutokukua

Baridi ya Mbinga mwezi wa Julai haimheshimu mgeni. Nilikuwa nimelala kwa dada yangu, na karibu saa sita usiku nikaamka kutafuta blanketi la pili. Sebuleni kulikuwa na mwanga. Mpwa wangu, ambaye mchana huandika hesabu za chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, alikuwa amejifunika shuka hadi masikioni, kompyuta mapajani, bando la usiku limeshaingia. Nikavuta kigoda. Mhusika wake alikuwa amesimama mbele ya mtu mmoja ndani ya mji wa Stormwind, anamhesabia dhahabu 10.

“Umenunua nini?” nikauliza.

“Sijanunua kitu, mjomba. Nimelipa nisikue.”

Nilidhani usingizi ndio unaosema. Kumbe kijana alikuwa na akili timamu, na nilichokiona usiku ule hadi jogoo wa kwanza sijakiona kwa watu wengi wanaojiita mafundi.

Gemu yenyewe, World of Warcraft, sina haja ya kuieleza. Asiyeijua ana mtoto au jirani anayeijua. Ilianza Novemba 2004, na kila baada ya miaka miwili hivi wenyewe wakawa wanaongeza nchi mpya juu ya zile za zamani: Outland mwaka 2007, Northrend 2008, Pandaria 2012, na nyingine ambazo sina hamu nazo. Wakati huo mchezaji alizivuka kwa zamu. Kilele kilikuwa ngazi ya 60, kikapandishwa 70, kikawa 80, kikaenda hivyo hadi 120, na aliyefika juu alikuwa na vumbi la kila nchi miguuni. Kisha zikaja njia za mkato. Tangu mwaka 2014 mtu anaweza kununua ngazi kwa fedha halisi, akaamka asubuhi na mhusika mkubwa, mwenye silaha na kipando, asiyejua hata kisima kiko upande gani. Mwaka 2020 ngazi 120 zikafinywa zikawa 50, na Chromie, joka anayejigeuza mbilikimo, akakabidhiwa kazi ya kumpeleka mgeni kwenye nchi moja ya kale aitakayo. Akishakua humo anaelekezwa kwenye nyongeza mpya. Nchi moja inamtosha. Zilizobaki zinasubiri watu wa aina ya mpwa wangu.

Na hata huyo anayetaka kuzipita zote, gemu haimwachi. Ukuaji umekuwa wa kasi mno. Unamsaidia mzee mmoja kutafuta mbuzi wake, unaua nyoka watatu njiani, tayari umepanda ngazi, na kabla mzee hajamaliza kukusimulia mwanawe alipotelea wapi, nchi nzima imeshakuwa ndogo kwako. Hapo ndipo zile dhahabu 10 zina kazi. Kijana anajifunga ngazi kwa hiari yake. Anakaa katika kijiji hadi kila mwenye shida amesikilizwa, kisha anarudi mjini kufunguliwa na kusogea kijiji kinachofuata. Haruki juu ya milima, ingawa ana mnyama wa kuruka. Anapita chini, kwa barabara. Maneno ya kila misheni anayasoma midomo ikicheza. Pembeni yake kuna kaunta buku, upande mmoja hesabu za kahawa, upande mwingine majina ya vijiji kwa kalamu nyekundu. Kilichokwisha anakipigia mstari. Shemeji yangu anauita upuuzi mchezo huu wote, na katika nyumba yake sibishani naye.

Lakini mimi nilikulia ziwani, Mbamba Bay, chini ya mwembe wa wacheza bao, na najua nilichokuwa nakitazama. Mtoto pale hufundishwa kwanza bao la kujifunza: kete zako zote 32 ziko ubaoni tangu mwanzo, mbilimbili kila shimo, unacheza, unapiga kelele, unafurahi. Wengi huishia hapo. Bao lenyewe lina kunamua. Ubaoni una kete 10 tu, sita kati yake ndani ya nyumba, na 22 umezikamata mkononi, unaziingiza moja moja, moja kwa kila zamu. Nani ana subira hiyo? Mzee mmoja pale, mvuvi wa dagaa aliyekuwa amevuka ziwa mara nyingi hadi ng'ambo, ambako wenzetu wa Malawi huliita bao bawo, alikuwa hamruhusu mtu kumharakisha wakati wa kunamua. Alishika kete, akaizungusha kati ya vidole, akaitazama nyumba ya mwenzake, akatazama ziwa, akaulizia bei ya mbasa. Sisi watoto tulikuwa tunakufa kwa hamu ya kufika kwenye mtaji, pale kete zinapokimbia ubao mzima. Yeye alisema mtaji haumpi mtu kitu. Unaonyesha tu alichonamua.

Sehemu niliyoipenda zaidi usiku ule ilikuwa Pandaria. Huko, katika bonde liitwalo Valley of the Four Winds, kuna shamba dogo liitwalo Sunsong Ranch. Unaanza na vipande vinne vya ardhi, na ukiwa mkulima mwema na jirani mwema unafikia 16. Unapasua udongo, unapanda kabichi, karoti, maboga, vitunguu. Kipande kikikauka unakimwagia maji, kikiingia wadudu unakipulizia dawa. Kisha unaondoka, maana mavuno ni kesho. Huwezi kuyaharakisha. Shamba hili lilipokuwa jipya watu walijaa huko sokoni Halfhill kama siku ya mnada. Sasa mpwa wangu alikuwa peke yake, anapanda karoti moja baada ya nyingine, na gemu iliyosheheni mazimwi na vita haikuwa na sauti yoyote zaidi ya jembe.

“Kwa nini usipande vipande vyote mara moja?” niliuliza. Alinitazama kama mtu aliyesikia tusi dogo.

Bibi yake mzaa baba, Mmatengo wa upande wa Litembo, angemwelewa. Milima ile imesimama kama ukuta, na bado imelimwa tangu Wamatengo walipokimbilia juu kuwakwepa Wangoni katika karne ya 19. Wamelima kwa ngoro. Wanaume wanafyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatizana hadi mteremko unakuwa kama wavu. Wanawake wanachimba katikati ya kila pembe nne na kufunika zile nyasi kwa udongo. Linabaki shimo, na kingo zake zimejaa nyasi zinazooza chini. Maharage yanatangulia, mahindi yanafuata. Mvua ikija inakuta mashimo elfu, inatua, haina pa kukimbilia na udongo wa watu. Nilimwona bibi huyo akichimba akiwa na miaka ambayo wenzake walikuwa wamekwisha kukaa vibarazani, na kilichonishangaza si nguvu zake. Ni kwamba hakuwahi kuacha pembe moja bila kufunikwa, hata ile ya mwisho kule chini kabisa ambako hakuna jicho linalofika. Nyasi za mwaka uliopita ndizo zilizokuwa zikimlisha mwaka huu. Siku hizi ngoro bado zipo, lakini nimeona miteremko iliyopigwa matuta ya haraka haraka, na chini yake kijito chekundu.

Asubuhi nilipanda gari kushuka ziwani. Kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, lami tupu, na sisemi kwamba naichukia lami. Wajawazito na magunia ya kahawa wanajua thamani yake kuliko mimi. Ila nilikuwa najaribu kukumbuka majina. Enzi za tope tulilala njiani, lori limezama hadi ekseli, na mama mmoja asiyetujua alitupikia ugali wa muhogo kwa moto uliowashwa kwenye kona. Nilimjua jina, nililijua jina la kona, na jina la mto uliokuwa chini. Sasa dereva alipapita mahali hapo akiwa anabadilisha wimbo. Hivyo hivyo wilayani kwetu, ambayo kabla ya mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Mbinga, nasikia vijana wakiitaja Liuli kama mahali pa kupiga picha kwenye mawe. Sisi tulisimama kwenye sitaha ya MV Songea alfajiri tukisubiri Liuli itokee, na ilichukua muda wake.

Mpwa wangu alinieleza jambo jingine usiku ule, na nimelibeba tangu siku hiyo. Mwaka 2010 wenye gemu waliivunja dunia yao ya kwanza kwa makusudi. Joka kubwa lilipasua ardhi. Mbuga ya Barrens ikakatwa vipande viwili, bonde la Thousand Needles likajaa maji. Waliokuwa wamepita huko kabla wakabaki nayo kichwani tu. Yeye wakati huo alikuwa bado shule ya msingi, hajagusa kompyuta. Mwaka 2019 zilifunguliwa seva za kuirudisha dunia ile ya awali, naye aliijaribu, lakini anasema si nyumbani kwake. Yeye anataka kuona kilichobaki chini ya kipya, pale pale kilipobaki.

Karibu alfajiri alimaliza kijiji cha mwisho, akafunguliwa ngazi, akamwomba Chromie ampeleke Outland. Akaingia kupitia Lango la Giza, akatokea upande wa pili, kwenye ngazi pana za mawe na anga jekundu ambako mwaka 2007 wachezaji walisongamana hadi seva zikagoma. Hapakuwa na mtu. Kisha, chini ya ngazi hizo za mawe, akatokea mwingine, wa ngazi ndogo kama yake, kwa miguu, bila kipando. Sijui alikuwa nani wala yuko nchi gani. Mpwa wangu alimpungia mkono. Yule akasimama, akainama kwa heshima, akakaa chini. Na wangu akakaa. Wakabaki hivyo, wawili, bila neno, hadi ujumbe ukaingia kwenye simu kwamba bando limekwisha.