Heko, shabiki wa mzunguko

Tiketi ya bei poa huleta watu uwanjani. Lakini haimleti mtu siku timu inapochezea ligi ya chini, mvua ya ziwani ikinyesha, na mpinzani hajulikani hata jina. Siku hiyo huja shabiki mwenyewe.

Mwanza inao mashabiki wa aina hiyo. Klabu ya Pamba iliposhuka kutoka Ligi Kuu, ilikaa nje zaidi ya miaka 20 hadi iliporudi mwaka 2024 kwa jina la Pamba Jiji. Muda wote huo, TP Lindanda, kama Pamba inavyoitwa, haikukosa watu wake. Wapo wa Mirongo wanaofunga biashara mapema, wapande daladala hadi CCM Kirumba, wakae jukwaa la mzunguko juani na karanga mkononi, wamfokee refa mpaka sauti ikauke.

Klabu zikitaka kuwaenzi mashabiki, zianze na hao: kiingilio nafuu kwa anayekuja kila mechi, si siku Simba au Yanga ziko mjini tu. Uwanja hujazwa na wageni siku moja. Klabu huishi kwa hawa wa kila wiki. Hongereni, mashabiki wa Pamba, Wana Kawekamo. Mechi ijayo msikose.