Nunda Alikufa kwa Neno

Mwalimu mwenzangu, ukifundisha ngano za mazimwi bila shaka umegundua kwamba wanafunzi hungojea pigo la mwisho tu. Hebu basi tuirejelee ngano ya Sultani Majinuni, iliyokusanywa Unguja na Edward Steere na kuchapishwa mwaka wa 1870 katika *Swahili Tales*, tuone fanani ameyaweka wapi maneno yake.

Paka wa Sultani anakula mbuzi, anakula ng'ombe, hatimaye anakula watu. Raia wanapolalamika, Sultani anashikilia kuwa paka ni wake na mali ni yake. Ni mpaka wanawe wanapoliwa ndipo anapokiri kwamba huyu si paka tena bali nunda. Mnyama hakubadilika siku hiyo. Kilichobadilika ni jina, na kabla ya jina hilo hakuna aliyeruhusiwa kumgusa. Linganisha na neno 'joka': hapo nyoka amekwisha kukuzwa na umbo la neno lenyewe, na msikilizaji anatafuta mkuki mapema. 'Paka' ni neno la nyumbani. Linamficha muuaji uvunguni.

Kisha anatoka Mkaa-jikoni, kitindamimba anayedharauliwa na babaye. Anarudi na mbwa, ngawa, punda milia, twiga, kifaru, hata tembo, kila mara akiimba kwamba amemuua nunda, na kila mara mamake anakana. Vitabu vyetu vya marudio huiita takriri na kupita. Mimi nadai kuwa hapa ndipo vita vinapopiganwa. Kutokana na maneno ya mama, kijana anazijua sifa za nunda: masikio madogo, mwili mpana usio mrefu, mabaka mawili, mkia mnene. Anapomkuta, anazikagua sifa hizo moja baada ya nyingine kabla ya kushambulia. Mauaji yenyewe hayachukui nafasi kubwa.

Niliwahi kumnyima alama mwanafunzi aliyeandika kwamba aliyemuua nunda ni mama. Mwongozo wangu wa kusahihisha ulitaja nguvu, ujasiri na uvumilivu wa shujaa, basi. Leo ningempa zote, mradi ataje masikio na mkia. Nawe ukitunga swali juu ya ngano hii, acha kwanza 'jadili ushujaa wa Mkaa-jikoni'. Uliza: kwa nini Sultani alichelewa kusema 'nunda', na wakati huo nani walikuwa wakiliwa?