Mkate wa Wishwa: Sifa na Utulivu katika Utenzi wa Fumo Liyongo

Mwalimu, waulize wanafunzi wa kidato cha tatu sifa za shujaa wa mighani nao watakutajia Fumo Liyongo kabla hujamaliza swali. Ana nguvu zisizo za kawaida, ni malenga, hakosi shabaha, ana siri ya kifo chake na husalitiwa na wa karibu. Majibu hayo hupata alama. Linalosahaulika ni swali ambalo utenzi wenyewe, kama alivyouandika Muhammad Kijumwa mwaka wa 1913, unalizua katika kila tukio: je, sifa hizo zilimfaa nini mwenyewe?

Liyongo hakumkosea Sultani wa Pate. Kosa lake ni kujulikana. Wagala walipomwona walitamani apate mbegu kwao, wakamwoza, na Sultani akaanza kuuhofia ufalme wake. Tangu hapo Liyongo hana raha. Hata msituni, wenzake wanaokula naye kikoa cha makoma wamekwisha kuahidiwa fedha kwa kichwa chake. Zamu yake ya kukwea inapofika, anayaangua makoma kwa mishale akiwa chini. Amejiokoa, naam, lakini kwa tendo linalomzidishia sifa zilezile zinazomwandama.

Sasa tuingie gerezani, kwa maoni yangu mahali penye utajiri mkubwa zaidi katika utenzi huu. Kijakazi Saada huleta chakula kutoka kwa mama yake Liyongo, na walinzi hukila kizuri chote. Liyongo anatuma ujumbe kwa wimbo: mama aoke mkate wa wishwa, ndani yake atie tupa. Walinzi wanaudharau mkate huo, unapita. Jazanda hii hatuifundishi ipasavyo. Kitu kisichotamaniwa na mtu ndicho kilichobeba uhuru wa shujaa, na waliokiandaa na kukifikisha ni wanawake wawili ambao hatuwahesabu katika orodha ya mashujaa.

Huenda ukapinga kwamba umaarufu nao ulisaidia: pasingekuwa na malenga anayependwa, watu wasingejaa kwenye gungu, na kelele za ngoma zisingeufunika mlio wa tupa. Pingamizi hili ni la haki. Hata hivyo, ni umaarufu huohuo uliomtia pingu.

Kifo chake kinazidi kulitatiza suala hili. Anachomwa kitovuni kwa sindano ya shaba, anajikokota hadi kisimani, anapiga goti na kuvuta upinde, anakata roho. Watu wa mji hawathubutu kuteka maji. Sifa zilizoshindwa kumlinda akiwa hai sasa zinailinda maiti, na wanaoteseka ni wenye mitungi. Mama ndiye anayeitwa kuja kumbembeleza.

Ukiandaa maswali ya Karatasi ya Tatu, usiishie kwenye sifa za shujaa. Watake wanafunzi wamlinganishe Saada na mwana wa Liyongo. Wote wawili walikabidhiwa siri ya uhai wa mtu mmoja. Mwana aliahidiwa cheo na mke, akaiuza. Saada hakuahidiwa chochote na Sultani, wala hakuna aliyefikiri kumhoji, naye aliibeba siri yake hadi ndani ya gereza na kurudi nyumbani kupakua chakula cha kesho.