Mtihani wa Kiingereza Ziwa Mweru: Unapima Nini?

Tunapoambiwa kuwa mwanafunzi hajui kusoma, sisi walimu wa lugha hatuna budi kuuliza: hajui kusoma kwa lugha gani? Tunaliuliza swali hili tukiitazama Nchelenge, wilaya ya Zambia iliyo upande wa mashariki wa Ziwa Mweru, ikielekeana na Kongo. Mtoto wa Kashikishi hukua na Kibemba au lugha zilizo jirani nacho. Kiingereza hukikuta darasani, na hapo ndipo hupimwa nacho.

Chanzo ni cha zamani. Mwaka 1966 sheria ya elimu ya Zambia ilikifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Mwaka 1998 kulifanyika majaribio ya kufundisha kusoma kwa Kibemba huko Kasama na Mungwi, na mtaala wa mwaka 2013 ukaagiza lugha za Zambia zitumike hadi darasa la 4. Mitihani haikubadilika kwa kasi hiyo.

Chukueni upimaji wa SACMEQ wa mwaka 2000, uliohusu wanafunzi wa darasa la 6. Wastani wa Zambia katika kusoma ulikuwa takriban 440, wa Tanzania takriban 546. Wazambia walisoma kwa Kiingereza, Watanzania kwa Kiswahili. Wapenzi wa Kiswahili (nasi tumo) hufurahia sana takwimu hizi. Tusikimbilie kushangilia: Kenya nayo ilipata takriban 546, na watoto wake walipimwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo lugha peke yake haielezi kila kitu. Vitabu, walimu na hali ya nyumbani vina sehemu yao. Lakini tunachokosoa ni kuziweka alama hizo kwenye orodha moja, kana kwamba wote walifanya kazi ile ile.

Utafiti wa Edward Williams wa miaka ya 1990 unatusaidia zaidi. Alilinganisha wanafunzi wa mwaka wa tano wa Zambia, waliofundishwa kwa Kiingereza tangu mwanzo, na wa Malawi, waliokuwa wameanza kwa Kichewa. Katika kusoma Kiingereza hakuona tofauti ya maana baina yao. Ila Wamalawi waliweza kusoma lugha yao vizuri zaidi. Mtihani wa Kiingereza peke yake usingeliona jambo hilo hata kidogo!

Nchelenge ina mtihani mgumu zaidi. Tangu Januari 2018 makazi ya Mantapala yamepokea wakimbizi kutoka Kongo, na miongoni mwa watoto wao wapo wanaojua Kiswahili na Kifaransa kidogo cha shuleni. Mpe mtoto kama huyo karatasi ya Kiingereza yenye maelekezo ya Kiingereza. Asipoelewa maelekezo ataacha nafasi wazi, na msahihishaji ataandika sifuri pale pale ambapo angeandika sifuri kwa asiyejua herufi. Kisha mtoto wa miaka 12 atapangwa na wa miaka 7.

Hatusemi Kiingereza kisipimwe. Mtoto huyo atakihitaji Zambia. Tunataka maelekezo yasomwe kwa lugha anayoielewa, apewe kifungu kimoja cha Kiswahili au Kibemba kabla ya kile cha Kiingereza, na alama mbili ziandikwe kando kando, bila kujumlishwa. Kifungu cha Kiswahili cha kazi hiyo wanafunzi wetu wa mwaka wa tatu wanaweza kukitunga.