Uwongo na Msikilizaji Wake: Masimulizi ya Njia ya Ujiji

Aghalabu husemwa kwamba mtu husema uwongo kwa tamaa au kwa hofu. Kauli hiyo si kosa, ila haitoshi, kwani mwongo hutaka pia aendelee kuonekana mtu mwema mbele ya yule amsikilizaye. Vitabu vilivyotokana na njia ya misafara ya Ujiji vyatupa ushahidi wa jambo hili.

Livingstone aliporejea Ujiji kutoka Manyema mwaka 1871, alikuta bidhaa zake zimekwisha uzwa na Sherifu, aliyekabidhiwa kuzileta. Twasoma katika shajara yake kwamba Sherifu alipiga ramli kwa Kurani, akaona kuwa mwenye mali amekufa. Kisha alikuja kumpa mkono bila haya, na aliponyimwa mkono alinuna kama aliyedhulumiwa. Kununa huko ndiko kunakonishughulisha: hakuwa mwizi tena machoni pake, bali msimamizi wa mali ya marehemu. (Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba twamsikia kwa kinywa cha mshtaki wake tu.)

Muda si mrefu akafika Stanley. Salamu yake ya kumdhania daktari yajulikana duniani kote, na mkutano ule una mnara wa ukumbusho Ujiji. Lakini kurasa za shajara ya Stanley zihusuzo mkutano huo zimechanwa, wala Livingstone hakuitaja salamu hiyo. Tim Jeal, katika kitabu chake cha mwaka 2007, aona kwamba yumkini ilitungwa baadaye. Kwa nini aliyetenda jambo kubwa hivyo alihitaji kulipamba? Stanley alizaliwa Wales mwaka 1841 kwa jina la John Rowlands, mwana wa nje ya ndoa, akalelewa katika nyumba ya maskini. Ukubwani akajidai Mmarekani. Salamu ile ni ya muungwana asiyeonyesha furaha yake mbele za watu, yaani mtu ambaye Stanley alitamani kuwa.

Tippu Tip ni kinyume chake. Katika Maisha yake, aliyoyaandika kwa Kiswahili na ambayo tafsiri ya W. H. Whiteley ilitolewa kitabu mwaka 1966, aeleza waziwazi alivyomlaghai Kasongo Rushie wa Utetera. Alisikia kwamba zamani wanawake wawili wa ukoo ule walitekwa, akajidai mzao wa mmoja wao, akapewa utawala. Hakuchana ukurasa hata mmoja. Wasomaji wengine humsifu kwa uwazi huo, mimi sikubali. Aliwaandikia watu ambao kwao werevu wa mfanyabiashara ni kisa cha kuchekesha, kama hila za sungura, naye alijua wangecheka pamoja naye. Kwa Kasongo angeona haya. Kwa msomaji wake hakuwa na la kuficha. Stanley naye angemwona Kasongo si kitu, lakini kwa msomaji wa London alitetemeka.

Mwanafunzi atakayevisoma vitabu hivi asiulize tu ni kipi chenye kweli nyingi zaidi. Aulize kila mmoja alikuwa akimtazama nani alipoandika, kisha arudi kwa Kasongo, ambaye hakuandika neno.